Figo zikifeli: mashine, tumbo, figo mpya au kukaa bila dialisisi? Tuzilinganishe

Daktari akishasema figo zimefeli huwa anataja njia kama nne hivi kwa mpigo, alafu mgonjwa anatoka pale kichwa kinazunguka, akifika nyumbani ndugu wanamuuliza wamesemaje, anajibu "wamesema dialisisi", basi. Kumbe dialisisi yenyewe, yaani kusafisha damu badala ya figo, zipo mbili na hazifanani hata kidogo, kuna kupandikiza figo, na kuna kukaa bila dialisisi kabisa huku unaendelea kutibiwa. Hapa nimezipitisha zote kwenye maswali yaleyale, ili ukirudi kwa daktari ujue unauliza nini.

Sitakwambia ipi ni bora kuliko zote maana hamna kitu kama hicho. Ninachokuomba ni hiki, kila njia ukiisoma jiulize wiki yangu itakuwaje nikiwa na hii, kuanzia jumatatu mpaka jumapili, na nani atakuwa pembeni yangu. Wengi wanachagua kwa kuogopa neno, mwingine anaogopa "operesheni" mwingine "mashine", na hofu ya neno haikusaidii ukishaanza kuishi nayo.

Kwanza hakikisha umefeli kwa namna gani

Figo ziko mbili, kila moja saizi ya ngumi hivi, ndani ina vichujio vidogo sana kama milioni moja. Kwa siku zinachuja karibu lita 180 za maji ya damu, karibu yote yanarudishwa mwilini na wewe unakojoa lita moja au mbili tu. Lakini hazichuji tu. Zinapanga chumvi, potasiamu na asidi ya damu, zinashika presha, zinatoa homoni ya kuuambia uboho utengeneze damu, na zinaiwasha vitamini D ili mifupa ikae sawa. Shika hilo la homoni maana ndo sababu mtu anaweza kuwa kwenye dialisisi vizuri kabisa na bado akachomwa sindano za kuongeza damu, mashine inatoa uchafu na maji ila homoni haitengenezi.

Sasa kuna kufeli kwa ghafla na kufeli kwa polepole. Ya ghafla inakuja kwa siku au wiki: mtu kaharisha sana kaishiwa maji, kapoteza damu nyingi, maambukizi makali yameingia kwenye damu, njia ya mkojo imeziba, au kameza dawa za maumivu kama diklofenaki na ibuprofeni wakati mwili tayari umekauka. Hapa mara nyingi figo zinarudi kufanya kazi, hata kama kwa wiki kadhaa utahitaji mashine. Kwa hiyo ukiambiwa dialisisi, swali la kwanza kabisa liwe hili: ni ya ghafla au ni sugu? Kuna watu wanaaga maisha ya kawaida wakati figo zao zilikuwa zinahitaji muda tu.

Ile sugu inakula miaka, na wanaoileta zaidi ni wawili, kisukari na presha ya juu, alafu wanafuata uvimbe wa vile vichujio vyenyewe, magonjwa ya kurithi ya figo kujaa vifuko vya maji, na njia ya mkojo kuziba muda mrefu. Ubaya wake haina kelele. Mkojo wa povu, miguu kuvimba, uchovu, kuwashwa ngozi, kichefuchefu, vyote hivi mara nyingi vinakuja kazi ikishaharibika sana. Wanapima kreatinini kwenye damu (uchafu unaotakiwa kutolewa na figo), wanakadiria figo zinachuja mililita ngapi kwa dakika: 90 kwenda juu ni sawa kama mkojo hauna protini, chini ya 60 kwa zaidi ya miezi 3 ni ugonjwa sugu, 15 mpaka 29 ni hatua ya nne, chini ya 15 ni ya tano na ndo inaitwa kufeli.

Wakati mzuri wa kusoma ulinganisho huu ni hatua ya nne, sio ya tano, na huko chini utaona kwa nini.

Na kufika chini ya 15 haimaanishi kesho unaunganishwa. Kuna utafiti unaitwa IDEAL, ulifanyika Australia na New Zealand ukatoka mwaka 2010, waliwagawa watu, wengine waanze dialisisi mapema wengine wasubiri mpaka figo zishuke zaidi au dalili zije, na walioanza mapema hawakuishi zaidi ya wenzao. Kinachoamua kuanza ni mwili: maji yamejaa kwenye mapafu na dawa haziyatoi, potasiamu imepanda haishuki, kutapika na kukonda, kuchanganyikiwa. Namba peke yake haitoshi.

Njia zenyewe kwa ufupi

Dialisisi ya mashine: damu inatoka, inapita kwenye chujio nje ya mwili, inarudi. Willem Kolff aliitengeneza Uholanzi mwaka 1943 katikati ya vita. Nyingi zinafanyika kituoni, ingawa sehemu zingine watu wanafundishwa kuifanya nyumbani.

Dialisisi ya tumbo: unawekewa maji maalum yenye glukosi tumboni kupitia mpira, uchafu unatoka kwenye damu unapita kwenye utando wa ndani ya tumbo lako mwenyewe na kuingia kwenye yale maji, baada ya masaa unayatoa unaweka mengine. Damu haitoki mwilini kabisa.

Kupandikiza: figo ya mtu mwingine, aliye hai au aliyefariki. Ya kwanza kufanikiwa vizuri ilikuwa Boston Desemba 1954, pacha alimpa pacha mwenzake wa kufanana, ndo maana mwili haukuikataa.

Bila dialisisi: dawa, chakula, kudhibiti dalili, kliniki, ila mashine hamna. Hii watu wanaiita kukata tamaa na sio kweli, nitaeleza.

Sasa maswali.

Inachukua muda gani wa maisha yako?

Mashine kawaida ni mara 3 kwa wiki, masaa 4 kila mara. Ukihesabu kwenye karatasi ni masaa 12 tu, ila ongeza kwenda, kusubiri, kutobolewa, kukandamiza pale sindano ilipotoka, kurudi, na ule uchovu wa baada yake ambao wengine unawalaza mpaka asubuhi. Siku hizo 3 usizipangie kitu kingine kikubwa. Siku zingine 4 ni zako, na kuna watu wanaipenda sana hiyo, yaani ugonjwa unabaki kule kituoni na nyumbani panakuwa nyumbani.

Ila wiki ina masaa 168. Figo nzima inafanya kazi yote hayo, mashine inafanya 12. Ndo maana kuna kubanwa kwenye kunywa na kula, na ndo maana ile nafasi ya siku 2 mfululizo bila mashine inaogopwa, hapo maji na potasiamu vinarundikana na matatizo ya moyo yanatokea zaidi.

Tumbo ni kila siku, haina sikukuu. Kwa mkono ni mara 4 kwa siku hivi, kila mara dakika 30 mpaka 40, maji kama lita 2, katikati unaendelea na shughuli zako. Au unatumia kimashine cha usiku, unajiunganisha ukilala masaa 8 mpaka 10, asubuhi unajitoa. Kliniki unaenda mara moja kwa mwezi hivi kama hamna shida. Ugumu wake ni kuchoka kichwani, kurudia kitu kilekile kila siku bila mtu wa kukusimamia, na kuna siku utatamani kuruka zamu moja.

Figo mpya inakula muda mwingi mwanzoni. Vipimo vyako na vya mtoaji vinaweza kuchukua miezi, na kama unasubiri ya marehemu inaweza kuwa miaka. Operesheni masaa 3 hivi, siku kadhaa wodini, alafu miezi ya kwanza kliniki zinafuatana karibu karibu wanapima kiwango cha dawa kwenye damu. Baada ya hapo zinapungua na unabaki na vidonge kila siku kwa saa ileile, muda wote figo hiyo ikiwa inafanya kazi.

Bila dialisisi, muda wako unabaki wako isipokuwa kliniki na siku za kuumwa.

Inaingilia wapi mwilini?

Hapa ndo pale nilisema usome mapema. Mashine inataka njia ya damu yenye nguvu, na nzuri kuliko zote ni fistula, daktari wa upasuaji anaunganisha ateri na vena kwenye mkono, vena inanenepa na kukaza ili iweze kutobolewa mara kwa mara. Kukomaa inataka wiki 6 mpaka miezi 3, saa ingine zaidi, na zipo zinazogoma kabisa inabidi wajaribu tena. Mtu aliyekuja hospitali akiwa ameshajaa maji hana miezi 3, anawekewa mpira wa shingoni unaofanya kazi siku hiyohiyo, na huo mpira ndo unaleta maambukizi ya damu na kubana mishipa mikubwa ya kifuani. Wapo wanaosema "dialisisi ilimmaliza", ukiuliza vizuri unaweza kukuta ulikuwa mpira wa shingo uliokaa muda mrefu.

Kwa hiyo ukiwa hatua ya nne, mkono usioutumia kuandika anza kuulinda, waambie manesi wasitoe damu wala kuweka dripu kwenye vena za mkono huo, hata kama hujaamua bado. Ukishawekewa fistula, presha isipimwe mkono huo, usiulalie, usibebe mizigo kwa kuuning'iniza hapo. Ukiweka vidole utasikia inatetema. Siku ikiacha kutetema, nenda hospitali siku hiyo, usingoje zamu yako.

Tumbo inataka mpira laini unaotokea karibu na kitovu, kidonda kinaachwa kipone wiki 2 hivi ndo uanze vizuri. Sindano hamna, na hili kwa anayeogopa sindano ni kubwa. Ila kuna mpira unaning'inia kwenye tumbo lako muda wote, ukioga, ukilala, ukiwa na mwenzi wako, na wengine hilo linawasumbua kuliko wanavyosema mbele ya daktari. Waliopasuliwa tumbo mara nyingi wanaweza kuwa na makovu ndani yanayozuia maji kuzunguka, hao huenda isiwafae.

Figo mpya inawekwa chini ya tumbo upande mmoja, karibu na nyonga, na zile za zamani kwa kawaida zinaachwa palepale. Kidonda kikishapona hakuna kitu kinachotokeza nje.

Unakula na kunywa nini?

Mashine ndo kali kuliko zote. Wengi wanaambiwa maji nusu lita mpaka lita moja kwa siku, ukijumlisha na kiasi cha mkojo unaotoka, na hapo kila kimiminika kinahesabiwa. Chumvi ikizidi kiu haizuiliki, kwa hiyo anayeshindwa kupunguza maji mara nyingi shida yake ni chumvi. Potasiamu inabidi iangaliwe sana maana ikipanda moyo unaweza kusimama bila dalili ya maana kabla. Fosforasi nayo, kuna vidonge vya kumeza pamoja na chakula ili visiiache iingie.

Tumbo inalegeza kidogo, hasa potasiamu, kwa sababu usafishaji hausimami, na mkojo wa mwisho mwisho uliobaki nao unadumu zaidi. Lakini yale maji yana glukosi na sehemu inaingia mwilini, kwa hiyo uzito unapanda, na mwenye kisukari dawa zake zinabidi zipangwe upya. Protini nayo inapotea kwenye maji unayomwaga, inabidi ule zaidi.

Figo mpya ikifanya kazi, maji unaruhusiwa, tena unahimizwa unywe, na chakula karibu chote kinarudi. Balungi hapana, linapandisha baadhi ya dawa za kuzuia kukataliwa mpaka kiwango cha sumu. Na chakula kibichi au kisichoiva ni hatari zaidi kwako kuliko kwa mwingine.

Bila dialisisi masharti yapo ila yanapangwa kwa ajili ya kujisikia vizuri. Chumvi inapunguzwa ili usibanwe kifua, sio ili namba ya maabara ipendeze.

Kinachoweza kuharibika

Kwenye mashine presha inaweza kushuka ghafla katikati ya zamu, misuli ya miguu inakaza, kichwa kinauma, na mara nyingi ni kwa sababu maji mengi yametolewa haraka, yaani ulikuja umejaa. Damu ikitoka nje ya mwili kila wiki kuna hatari ya maambukizi, chanjo ya homa ya ini B ipate kabla hujaanza. Moyo nao unachoka kwa huko kujaa na kukauka kila baada ya siku 2.

Kwenye tumbo adui ni mmoja: bakteria kuingia kupitia mpira na utando wa tumbo kuwaka. Dalili ni rahisi kukumbuka, maji yanatoka na ukungu, tumbo linauma, saa ingine na homa. Ukiona ukungu usisubiri maumivu, chukua huo mfuko uende nao hospitali, wataupima. Wakiwahi kwa dawa za bakteria wengi wanapona na kuendelea. Ngiri nayo inatokea kwa sababu ya uzito wa maji, na baada ya miaka utando unaweza kuchoka usichuje tena vizuri, hapo unahamia mashine.

Kwenye figo mpya hatari ziko mbili zinazovutana kamba. Dawa zikiwa kidogo mwili unaikataa figo, zikiwa nyingi kinga inashuka sana. Kwa hiyo maambukizi yanakuja kirahisi, saratani za ngozi na za tezi za limfu zinaongezeka, na baadhi ya dawa zinaweza kuleta kisukari ambacho hukuwa nacho. Anayeruka dozi kwa sababu anajisikia mzima ndo anayepoteza figo, na haitoi maumivu kwanza, utaambiwa na kreatinini. Na figo mpya haidumu milele, ya mtoaji aliye hai kwa wastani miaka 15 mpaka 20, ya marehemu 10 mpaka 15, wengine zaidi wengine chini ya hapo.

Bila dialisisi, ugonjwa unaendelea, hilo lisemwe wazi. Lakini kichefuchefu, kuwashwa, kubanwa pumzi, damu kupungua, maumivu, vyote vina dawa, na timu inayojua kazi yake haikuachi.

Miaka

Watu hawapendi kuuliza hili ila wote wanaliwaza. Kwa anayefaa kupandikizwa, kwa ujumla anaishi muda mrefu zaidi na figo mpya kuliko kubaki kwenye dialisisi, na akiipata kabla hajaanza dialisisi kabisa ni nzuri zaidi. Mashine na tumbo ukizilinganisha, tofauti ya miaka ni ndogo, kwa hiyo usichague kati ya hizo mbili kwa hofu kwamba moja itakuua mapema, chagua kwa maisha yanavyokuwa. Na kwa mzee sana mwenye moyo mbovu au magonjwa mengine mazito, ambaye tayari anahitaji msaada kuamka na kuoga, muda anaoongezewa na mashine unaweza kuwa mdogo, na sehemu yake kubwa ukaisha njiani na wodini. Huyo kuchagua kukaa nyumbani na kutibiwa dalili ni uamuzi wa kitabibu kama mwingine wowote, hajajinyima.

Nyumbani, kazini, safarini

Tumbo inadai nyumba: kona safi ya kubadilishia maji, dirisha na feni vimefungwa wakati huo, mikono imeoshwa vizuri, nafasi ya kuweka makatoni ya maji ya mwezi mzima (ni mengi, usiyadharau), na mtu anayeona vizuri na mikono isiyotetemeka, wewe au wa kukusaidia. Kwa kubadilishana hayo unapata uhuru wa kazi na safari, mifuko unasafiri nayo au unapanga ikutangulie.

Mashine inadai kituo cha karibu. Kama safari ya kwenda ni ndefu, hesabu zote zinabadilika. Kusafiri inabidi utafute nafasi kituo kingine kabla hujaondoka. Kazi inawezekana kama bosi anaelewa zile siku 3.

Figo mpya ndo inayokurudisha karibu na maisha ya zamani, kazi, safari, nguvu za mwili. Mwanamke anayetaka mtoto kawaida anaambiwa asubiri angalau mwaka mmoja baada ya kupandikizwa, na dawa zibadilishwe kabla hajashika mimba kwa sababu kuna moja, mikofenolate, inaharibu mtoto tumboni. Kwenye dialisisi mimba ni ngumu kutunga ila haiwezekani kusema haitungi, kwa hiyo uzazi wa mpango uongelewe.

Gharama na bima sizigusi kwa sababu kila mahali pana utaratibu wake, ila uliza mapema nani analipa nini, na kwa muda gani, hasa dawa za baada ya kupandikizwa. Kuna watu wanapata figo alafu dawa ndo zinawashinda.

Kidogo kuhusu mtoaji

Hii naikalia maana ndo inavunja familia. Mtoaji mzima anapimwa kundi la damu, ulinganifu wa tishu, figo zote mbili, presha, sukari, moyo, na pia anaongeleshwa peke yake bila ndugu kuwepo. Akikubaliwa, figo inayobaki inaongeza kazi, na wengi wanaishi kawaida. Hatari ya yeye mwenyewe kufeli figo baadaye inaongezeka kidogo ukilinganisha na kama asingetoa, na mwanamke anaweza kupata presha ya ujauzito zaidi, ni haki yake kuambiwa hayo. Na ana haki ya kughairi mpaka dakika ya mwisho, timu nzuri inamlinda kwa kusema tu "hafai kitabibu" bila kueleza zaidi.

Kwa hiyo ewe ndugu unayemwambia mdogo wako "toa, ni damu yako", punguza. Na figo ya kununua usiiguse, tangu Azimio la Istanbul la mwaka 2008 madaktari wa upandikizaji wamelaani biashara hiyo, na wagonjwa wanarudi na maambukizi, bila karatasi yoyote inayoonyesha walifanyiwa nini, na aliyeuza kaachwa na kidonda bila mtu wa kumfuatilia.

Kwa hali yako

Kama uko hatua ya nne na bado una nguvu, una muda wa anasa ambao wengine hawakuupata. Omba uongee na bingwa wa figo kuhusu njia zote, uliza kama unafaa kupandikizwa, waanze kupima watoaji sasa, linda mkono, pata chanjo. Na dawa zinazouzwa za "kusafisha figo" ziache, kuna mitishamba yenyewe inayojulikana kuua figo.

Kama una kazi au masomo, unaishi mbali na kituo, bado unakojoa, na nyumba inaruhusu, anza kuuliza tumbo kwanza. Ukiona imekushinda unahama, hamna aliyekufungia mlango.

Kama unaishi peke yako, macho hayaoni vizuri, au unajijua vitu vya kila siku unavisahau, mashine ya kituoni ina manesi wanaokuona mara 3 kwa wiki, na kuna wazee ambao wale wagonjwa wa zamu moja wameshakuwa marafiki zao. Hilo lina uzito wake.

Kama ni kijana, moyo mzima, yupo ndugu aliyejitolea kwa hiari yake, kupandikiza kuongelewe tangu mwanzo, dialisisi iwe ya kuvukia tu kama itahitajika. Lakini kama dawa za presha tu zimekuwa zinakushinda kumeza kila siku, sema ukweli huo kabla, watakusaidia kupanga, maana zile za figo mpya hazina msamaha.

Kama saratani haijatulia au kuna maambukizi mazito mwilini, figo mpya itasubiri, kwa sababu dawa za kushusha kinga zitayapa nguvu. Chagua kati ya mashine na tumbo kwa sasa.

Kama ni mzazi mwenye umri mkubwa na magonjwa mengi, muulizeni yeye anataka siku zake zikaeje kabla ya watoto kuamua kwa kura. Kuna njia ya katikati pia, kujaribu mashine kwa mwezi mmoja au miwili alafu mkae na daktari mtathmini, ila mkubaliane mapema ni nini kitawafanya muendelee na nini kitawafanya muache, na mjue kwamba anayeacha dialisisi wakati figo hazifanyi kazi kabisa mara nyingi anaishi siku chache mpaka wiki mbili hivi, kwa hiyo dawa za dalili ziwe zimeshapangwa.

Na kama ulianza kwa dharura, tayari una mpira shingoni na hukuulizwa chochote, bado hujachelewa. Zamu ijayo uliza vitu vitatu: figo zangu zinaweza kurudi au ni sugu, fistula nawekewa lini, na je tumbo au kupandikiza mimi nafaa. Ukijibiwa "tutaona", omba tarehe.